Benchi la bibi

Wadau, msimu huu wa mitihani kila chumba ni "mawazo yananiua". Ukimtaja mshauri nasaha unachekwa, eti mambo ya Wazungu. Haya, twende Zimbabwe kidogo.

Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Alikosa nauli ya kufika hospitali, kama dola 15 tu. Mwaka 2006 Chibanda akaanza na akina bibi 14 huko Mbare, Harare. Akawafunza, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati.

Si kupiga soga. Bibi anasikiliza, mnataja matatizo yote, unachagua moja, mnapanga hatua, kisha unarudi kueleza ilikuwaje. Utafiti wa watu 573 uliotoka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Rafiki atakupa pole, na pole ni nzuri. Ila aliyefunzwa hakuachii mpaka tatizo lisogee. Na mshauri wa hapa chuoni hahitaji nauli, ni mwendo wa miguu. Jamani, tuende.