Bi Kidude na Kipimo cha Sauti

Tangu Sultani Barghash (1870–1888) alipoingiza muziki wa Misri katika jumba lake, kipimo cha mwimbaji wa taarabu Unguja kilikuwa sauti laini, yenye kupanda na kushuka kwa madaha. Kwa kipimo hicho Fatuma binti Baraka, aitwaye Bi Kidude, asingepata daraja la juu: sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na uzee uliizidishia ukavu. Hata hivyo alisikilizwa kuliko wengi waliomshinda kwa ulaini. Yafaa kukumbukwa kwamba alikuwa pia kungwi wa unyago, akipiga msondo kwa mikono yake mbele ya wari waliokuja kufundwa, si kustareheshwa. Kungwi huamrisha, habembelezi. Nyimbo za Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alizipokea, lakini alizitoa kama mtu atoaye ushahidi. Wasemao kwamba hakuwa na ufundi wanapima kwa pishi la jumbani tu, na unyago hawauhesabu kuwa chuo. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Alifariki Aprili 17, 2013, na umri wake haujulikani kwa yakini.