Tajiri aliyekosa wa kumkatalia

Nimepotea kidogo, testi zilibana. Kwenye saikolojia ya elimu tumefika kwenye OCD, ugonjwa wa akili kung'ang'ania wazo moja mpaka mtu analazimika kurudia jambo lilelile. Pwani, anayerudia udhu mara kumi huambiwa ana wasiwasi.

Sasa kuna jamaa Mmarekani, Howard Hughes, rubani na tajiri wa kutisha. Hofu ya vijidudu alikuwa nayo tangu utotoni, mama yake naye aliogopa maradhi balaa. Halafu zikaja ajali za ndege. Mwaka 1943 alianguka Lake Mead akaumia kichwa. Julai 7, 1946 akaanguka tena Beverly Hills na ndege ya XF-11, nusura afe. Baada ya hapo hali ikazidi. Ni kichwa, au zile dawa za maumivu alizokuja kuzizoea? Wataalamu wanabishana. Mimi naona vyote vilichangia, maana jeraha la ubongo linaweza kabisa kuleta OCD au kuichochea.

Kinachoniuma ni jinsi alivyotunzwa. Wafanyakazi waliandikiwa maagizo marefu ya kufungua kopo la matunda tu: lioshwe vipi, mikono isuguliwe vipi. Wakatii! Nani amkatalie bosi anayelipa?

Novemba 1966 akahamia hoteli ya Desert Inn, Las Vegas, akajifungia ghorofani kama miaka minne. Mwaka huohuo wa 1966, London, mwanasaikolojia Victor Meyer wa Middlesex Hospital alichapisha njia ya kinyume kabisa. Mgonjwa anagusishwa kile anachokiogopa, kisha anazuiwa kunawa. Manesi wanakaa naye, hata bomba la chumbani linafungwa. Hofu inapanda weee, halafu inashuka bila sabuni. Njia hiyo inatumika hadi leo, pamoja na dawa kama klomipramini. Kwa walioumia kichwa huenda taratibu zaidi: vipindi vifupi, maelezo ya kuandikiwa kwa sababu kumbukumbu inayumba, na dozi za kuanzia ndogo.

Na hii ndiyo iliyonimaliza: mwaka 1953 Hughes alianzisha taasisi ya utafiti wa tiba, Howard Hughes Medical Institute, ipo mpaka leo. Mwenyewe alifariki Aprili 5, 1976, amekonda mno, ndani ya ndege akikimbizwa hospitali Houston.

Alhamisi nawasilisha kwenye semina. Mwenye swali gumu aniulize sasa, nisije nikaumbuka mbele ya Dokta.