Risasi za damu ya nguruwe

Najua nilipotea. Majaribio yalinibana, bumu nalo limechelewa kama kawaida yake, kwa hiyo hata hamu ya kuandika ilikuwa haipo. Ila wiki hii nimekutana na kitu maktaba ambacho kwa sisi tunaokwenda kufundisha historia si cha kukaa nacho peke yangu.

Tarehe 19 Februari 2016 Donald Trump alikuwa North Charleston, jimbo la South Carolina, siku moja kabla ya kura za mchujo za chama cha Republican. Akawapa watu hadithi ya Jenerali John Pershing. Ni hivi: zamani kule Ufilipino, Pershing alikamata magaidi 50, akaagiza risasi 50 zichovywe kwenye damu ya nguruwe. 49 wakauawa, wa 50 akaachiwa aende akawasimulie wenzake. Halafu, akasema Trump, kwa miaka 25 hapakuwa na tatizo tena. Kesho yake akashinda lile jimbo.

Inabidi mjue hali ilivyokuwa. Novemba 2015 watu 130 waliuawa Paris, na tarehe 2 Desemba 14 wakauawa San Bernardino, California. Watu walikuwa na hofu ya kweli, na sisi wa huku hatuwezi kuibeza, maana tarehe 7 Agosti 1998 walikufa watu 213 Nairobi na 11 hapa Dar, wengi wao Waafrika waliokuwa kwenye shughuli zao tu. Lakini wagombea wakaigeuza ile hofu kuwa mashindano ya nani mkali zaidi. Ted Cruz, akiwa Iowa, akaahidi kumwaga mabomu eneo zima na kuona kama mchanga unaweza kung'aa gizani. Siku mbili baadaye Trump akataka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Kwa hiyo hadithi ya nguruwe haikudondoka kutoka mbinguni.

Sasa tuje kwenye historia yenyewe. Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, kwa mkataba wa Paris, ikalipa dola milioni 20. Wenyeji, kama ilivyokuwa Berlin kwetu, hawakuulizwa. Kusini, visiwa vya Mindanao na Sulu, walikuwepo Waislamu walioitwa Wamoro, wenye masultani wao. Mwaka 1899 Wamarekani wakaandikishana mkataba na Sultani wa Sulu kwamba dini na desturi zake hazitaguswa. Mwaka 1904 wakaufuta wenyewe. Ikaja kodi ya kichwa. Mnaona? Kodi ya kichwa, watu wanakataa, bunduki zinaletwa. Ukibadilisha majina unakuwa uko Matumbi mwaka 1905.

Machi 1906, wakati Wajerumani wanachoma mashamba kusini mwa nchi yetu, mamia ya Wamoro walikuwa wamekimbilia juu ya mlima Bud Dajo, kwenye shimo la volkano iliyozimika. Jeshi chini ya Gavana Leonard Wood likawazingira na kuwamaliza. Makadirio huanzia watu 600 na kupanda hadi karibu 1,000, wanawake na watoto wakiwemo. Ipo picha ya askari wamesimama kando ya shimo lililojaa maiti. Nimeitazama mara moja, inatosha.

Pershing alikuja kuwa gavana wa kule mwaka 1909 hadi 1913. Huyu mtu wa kwenye hadithi ni tofauti na wa kwenye vitabu. Miaka ya 1902 na 1903, kwenye ziwa Lanao, alikaa na wakubwa wa Kimoro, akajifunza lugha kidogo, mpaka wakampa heshima ya kuitwa datu, yaani mkubwa wao. Desemba 1911 watu walipopanda tena Bud Dajo, aliwazingira akasubiri, wengi wakashuka wazima. Msidhani namsafisha, maana Juni 1913 kwenye mlima Bud Bagsak aliua mamia.

Na nguruwe? Kwenye kumbukumbu zake Pershing ameandika kwamba wapo Wamoro waliozikwa kaburi moja na nguruwe ili kuwatisha wengine. Hilo lipo, na ni aibu tosha. Lakini ushahidi kwamba yeye aliua watu kwa zile risasi 50 hakuna, wanahistoria wameutafuta. Wala miaka 25 ya utulivu haipo. Angalieni tarehe: kama dawa ilifanya kazi, Bagsak ya nini?

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, mtu wa Tanga, nilipomsomea alicheka kwanza. Akasema, "Yaani dhambi ya aliyechovya risasi, nikaulizwe mimi kaburini?" Basi. Hata kwa dini yenyewe hadithi haisimami, kwa sababu mtu hahukumiwi kwa alichofanyiwa.

Kinachoniuma mimi ni lile neno "magaidi". Ukishawaita hivyo Wamoro wa mwaka 1906, mkataba uliovunjwa unapotea, kodi inapotea, na kinachobaki ni dini yao tu kama sababu ya kila kitu. Halafu unaichukua dini hiyo unaipeleka jukwaani miaka 110 baadaye kuombea kura.

Tarehe 17 Agosti 2017, baada ya shambulio la Barcelona, Trump akiwa tayari rais aliirudia tena, na ile miaka 25 ikawa 35, teh teh. Ila maneno mengine ya kampeni ile hayakubaki maneno. Januari 2017 akasaini amri ya kuzuia watu wa nchi saba zenye Waislamu wengi, Somalia ikiwemo. Ikafutwa, ikaandikwa upya, ikapanuliwa, na tarehe 31 Januari 2020 Tanzania ikaingizwa: waombaji wa kwetu wakafungiwa ile bahati nasibu ya viza. Wakristo, Waislamu, wote. Biden aliifuta tarehe 20 Januari 2021. Mambo ya viza hayakuishia pale, lakini hiyo ni posti nyingine. Ngoja niwahi kantini, wali huwa unaisha saa mbili.