Wafula yupi? Safari ya rejista kati ya Kitale na Bungoma

Ingia kliniki yoyote ya Bungoma siku ya foleni ndefu, uite "Wafula!" Watainuka wawili, pengine watatu, na hakuna aliyekosea. Kwa Wabukusu jina hufuata msimu: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, Wanjala na Nanjala wa njaa. Mvua ya mwaka mmoja huleta akina Wafula tele. Kijijini hilo halimsumbui mtu, kwani kila mmoja hutajwa pamoja na baba yake, ukoo wake na mji wake. Taabu huanza jina linapoingia daftarini.

Daftari la kwanza kubwa lilikuwa la mabavu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walowezi walipokuwa wakigawiwa mashamba Trans Nzoia. Mwanamume aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa namba, na cheti chake, kilichoitwa kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kibarua aliyetoroka shamba alisakwa kwa namba hiyo. Mwaka 1947 ndipo sheria mpya ilipoagiza watu wa rangi zote waandikishwe.

Miongo kadhaa baadaye, wataalamu wa kompyuta nao walijiuliza: Wafula yupi? Mwaka 1988 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa saraka, X.500. Mwaka 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wakatoa LDAP, njia nyepesi ambayo mifumo ya ofisi hutumia hadi leo kuulizana nani ni nani. Humo jina kamili hupanda ngazi: mtu, kitengo, taasisi, nchi. Mzee wa Kibukusu akimtambulisha kijana naye hupanda ngazi yake: jina, baba, ukoo, mji.

Huku kwetu swali hilo lilijibiwa hospitalini. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, vilianzisha rejista ya wagonjwa ya kompyuta. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret mwaka 2006. Mpango wa afya wa vyuo hivyo, AMPATH, ulikuwa na kliniki hadi Kitale na Webuye, na wagonjwa wa huku ni watu wa njiani: shamba Kiminini, nyumbani Bungoma.

Namba ya mgonjwa katika mifumo ya namna hii huwa na tarakimu ya mwisho iliyo mlinzi. Chukua 1234. Ukianzia kulia, zidisha mara mbili tarakimu moja, ruka inayofuata: 8, 3, 4, 1. Jumla ni 16, na ili kufikia kumi kamili inayofuata, 20, zinahitajika 4. Namba kamili ni 1234-4. Karani akiandika 1324-4 kwa haraka, jumla inakuwa 17, mlinzi alipaswa kuwa 3, na kompyuta inakataa. Mgonjwa ameepushwa na dawa za mwingine.

Lakini kompyuta haijui kwamba Khaemba wa Kitale ndiye Kaemba wa Webuye, aliyeandikwa na karani asiyeizoea sauti hiyo. Haijui kama jina la baba hutangulia au hufuata. Hayo yanataka mwongozo ulioandikwa, mmoja kwa kliniki zote, uliobandikwa pale karani anapoketi. Kipande kilimhesabu mtu ili asitoroke. Rejista ya leo ina deni la kumtambua ili ahudumiwe, na deni hilo hulipwa kwa kuandika vizuri jina alilopewa siku mvua iliponyesha.