Umbu Amekwenda Wapi?

Katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hakuna mgeni asiye na jamaa. Huendi hatua kumi kabla hujaitwa kaka, dada, mama, mjomba au anko, na anayekuita hajui hata jina lako. Miito hiyo naisikiliza kwa sikio la historia, maana limo neno moja ambalo halitajwi tena.

Neno hilo ni umbu. Katika Kiswahili cha kale, mwanamume alimwita umbu ndugu yake wa kike, na mwanamke akamwita umbu ndugu yake wa kiume. Neno halikutaja jinsia ya mtu. Lilitaja tofauti ya jinsia baina ya wawili. Umri ulikuwa na maneno yake: kaka na dada kwa waliotangulia kuzaliwa, mnuna kwa aliyefuata. Leo kaka na dada huitwa hata wadogo, mnuna amesalia katika lahaja za kaskazini, na umbu yumo kamusini.

Wajapani wameshika sana umri. Kaka mkubwa ni ani, mdogo wa kiume ni otouto; dada mkubwa ni ane, mdogo wa kike ni imouto. Hata oji, ndugu wa kiume wa mzazi, huandikwa kwa alama mbili tofauti, kutegemea kama amemzidi mzazi umri au la: ndiyo baba mkubwa na baba mdogo wetu, ila wao hawaulizi ni wa upande wa baba au wa mama. Lakini ndani ya imouto limo neno kongwe, imo, alilotumia mwanamume kwa dada yake, na mwanamke alikuwa na se kwa kaka yake. Washairi wa Man'yōshū, diwani ya karne ya 8, waliyatumia maneno hayo kuwaitia wapenzi.

Sisi tumelipoteza neno, mantiki yake tunayo. Ndugu wa kiume wa baba ni baba. Wa kike ni shangazi. Ndugu wa kike wa mama ni mama. Wa kiume ni mjomba. Basi shangazi ni umbu wa baba, na mjomba ni umbu wa mama. Watoto wa baba mdogo ni ndugu zetu, ilhali wa mjomba ni mabinamu (ajabu, kwa kuwa Kiarabu kilikotoka neno hilo kinamaanisha mtoto wa ndugu wa kiume wa baba). Anko wa Kariakoo anawameza baba mdogo na mjomba kwa pamoja. Hapo ndipo ninapohofu, kuliko kwa umbu mwenyewe.

Ndugu nalo lilisafiri njia yake. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao leo ni Lumumba, na ahadi ya kwanza ya mwanachama wake ilihusu undugu wa binadamu wote. Neno likawa cheo cha mikutanoni, likapoa kidogo nyumbani.

Vijana nao wameziba pengo la mnuna kwa dogo, bila kuagizwa na baraza lolote. Umbu hajapata mrithi. Kwa mshairi ni mizani mbili tu, na kina chake kinakubaliana na kumbukumbu.