Kiunzi Kitupu au Karatasi ya Nta?

Anayeanza kufuga nyuki huulizia kwanza bei ya mzinga. Mimi ningemshauri aanze na kilichomo ndani: je, atawapa nyuki fremu kamili yenye karatasi ya nta iliyochapwa vijumba, au atawawekea kiunzi cha juu tu, chenye mstari mwembamba wa nta, kisha awaache wajenge wenyewe?

Fremu ni zao la Marekani na Ulaya ya karne ya 19. Mwaka 1851 Mchungaji Lorenzo Langstroth, huko Philadelphia, alitambua kwamba nyuki wakiachiwa mwanya wa milimita 6 hadi 9 hivi, hawauzibi kwa gundi wala hawajengi sega ndani yake. Kwa kufuata kipimo hicho akaunda fremu inayotoka mzingani bila kukatwa. Mwaka 1857 Mjerumani Johannes Mehring akabuni njia ya kuchapa karatasi za nta, na mwaka 1865 Franz von Hruschka akaleta mashine ya kukamua asali kwa kuzungusha. Vitu hivi vitatu ni mfumo mmoja. Sega linakamuliwa, linarudishwa likiwa zima, nyuki wanalijaza tena badala ya kutumia asali yao kutengeneza nta upya. Aliyenunua fremu na karatasi bila kuwa na njia ya kufikia mashine amenunua theluthi mbili za mfumo.

Wafugaji wa miombo ya Tabora walifikiri tofauti. Mzinga wao wa gogo au wa gome la mti hutundikwa juu, mbali na nyegere, na masega hukatwa yanaporinwa. Nta kwao si kifaa cha kutunzwa mzingani. Ni mazao, na tangu enzi za Wajerumani imeuzwa ng'ambo. Udhaifu upo, tena mkubwa: masega yameshikana na ukuta, hivyo huwezi kuyakagua bila kuyavunja, na majana hupotea pamoja na asali. Mzinga wa gome huua mti pia.

Njia ya kati ni ya zamani kuliko Langstroth. Mwaka 1682 Mwingereza George Wheler alieleza vikapu vya nyuki alivyoviona Ugiriki, vyenye vijiti vilivyolazwa juu, sega moja likining'inia kwa kila kijiti. Wazo hilohilo limo katika mzinga wa viunzi wa Kenya, uliotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wakanada. Kuta zake zimeinama, na nyuki hushikilia sega kwenye kiunzi zaidi kuliko ukutani.

Hapa vipimo vina uzito kuliko maelezo ya muuzaji. Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya. Kijumba cha nyuki kibarua wanachojenga wenyewe kina upana wa milimita 4.8 hivi, wakati karatasi nyingi za kiwandani zimechapwa kwa milimita 5.4 hivi. Masega yao pia hukaribiana: kiunzi kiwe na upana wa milimita 32, si 35 za nyuki wa Ulaya. Ukizidisha, sega litapinda na kushika viunzi viwili, na faida ya kukagua mzinga itakuwa imepotea siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwa anayeanza Afrika Mashariki nachagua kiunzi, bila kusita. Seremala wa kijijini anaweza kukiranda, mradi apewe kipimo sahihi. Nta iyeyushwe ipakwe katikati ya upande wa chini, kwa urefu wote, ili nyuki wafuate mstari. Nta hiyo itoke kwa mfugaji unayemfahamu: karatasi za dukani huweza kuchanganywa na nta ya parafini, na nta ya Ulaya na Marekani mara nyingi hubeba mabaki ya dawa za utitiri.

Sega la kiunzi halina waya wala mbao za pembeni. Likiwa changa na limejaa asali mchana wa jua, usililaze kamwe. Ligeuze likiwa limesimama wima, ama sivyo litakatika na malkia akiwa juu yake.

Fremu zina nafasi yake pale kikundi kinapomiliki mashine na kuuza asali kwa wingi. Hata hapo, pitisha waya, uweke ukanda wa nta wa vidole viwili juu, na sehemu iliyobaki waachie nyuki.