Ataraksia: nafsi isiyochafuka

Wagiriki wa kale walikuwa na kitenzi tarasso. Upepo ulipoivuruga bahari walikitumia, na hofu ilipomvuruga mtu walikitumia hichohicho. Kikanushe kwa a-, kigeuze nomino, nawe umepata ataraksia, neno ambalo mwanafalsafa Epicurus alilifanya nguzo ya maisha mema.

Wafasiri wengi huandika “utulivu wa akili” kisha wakapita. Si kosa, ila utulivu ni pia sifa ya mwanafunzi asiyepiga kelele darasani. “Kutotaharuki” kungekaribia zaidi, lakini taharuki imekwisha kutwaliwa na walimu wa fasihi. Mabaharia wa pwani yetu wana jozi iliyo tayari: bahari huchafuka, bahari huwa shwari. Epicurus mwenyewe, aliyezaliwa kisiwani Samos mwaka 341 KK, aliandika kuhusu dhoruba ya nafsi inayokoma, na katika barua yake kwa mfuasi wake Herodotus akatumia neno la bahari iliyotulia. Napendekeza ushwari wa nafsi.

Kinachoichafua nafsi, kwake, ni hasa hofu ya miungu na ya kifo. Ndiyo maana alishughulika na fizikia. Ulimwengu ni atomu na utupu. Radi ina sababu zake za kimaumbile, si ghadhabu ya mungu yeyote. Nafsi nayo hutawanyika mwili ukifa, asibaki wa kuteseka.

Mnamo 306 KK alifungua shule bustanini Athens, akapokea hata wanawake na watumwa. Alitosheka na mkate na maji, na inasimuliwa kuwa alimwomba rafiki kijungu cha jibini ili akipenda afanye karamu. Wapinzani wakamwita mlafi vilevile! Anayefasiri hedone, neno la Kigiriki alilolitumia kwa lengo la maisha, kuwa “anasa” anawaunga mkono. “Raha” inafaa, maana katika Kiarabu ilikotoka hubeba pia maana ya mapumziko.

Alifariki mwaka 270 KK kwa ugonjwa wa mawe ya figo. Katika barua ya siku zake za mwisho kwa rafiki alisema maumivu yamefika kilele, lakini furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inayakabili.

Wafuasi wa mwanafalsafa Aristippus wa Kurene hawakuridhika na raha ya namna hii: kutoumwa tu, walisema, ni hali ya mtu aliyelala. Nahodha wa jahazi angewaelewa, kwani shwari ikizidi tanga hulegea na chombo hakisogei. Epicurus alishikilia kwamba maumivu yakiisha raha haiongezeki tena. Hubadilika sura tu.